Uzoefu wangu: Dambeli za chuma za kufungua kwa mwenye bajeti ndogo

Seti ninayoitumia ni ya dambeli mbili (vyuma vifupi vya kunyanyua kwa mkono mmoja) za kufungua na kufunga ili kuongeza au kupunguza pleti, niliyoinunua Kariakoo katika duka la vifaa vya michezo baada ya kulinganisha bei za maduka kadhaa ya mtaa huohuo. Boksi limeandikwa kilo 20, na mnunuzi anapaswa kufahamu kwamba uzito huo unajumuisha mishikio na nati zake: pleti zenyewe ni nne za kilo 1.25 na nne za kilo 2.5, yaani kilo 15, na dambeli moja ikijazwa nusu ya pleti hizo haizidi kilo 10. Kwa anayeanza uzito huo unatosha kwa mabega na mikono, lakini miguu na mgongo huuzoea mapema, na ndiyo maana baadaye niliongeza pleti nne za kilo 5.

Pembeni ya seti hiyo palikuwa na nyingine ya bei nafuu, yenye pleti za plastiki zilizojazwa saruji. Muuzaji aliisifia sana kwa kuwa haipati kutu, na katika hilo alisema kweli. Tatizo ni kwamba kwa ujazo uleule chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya saruji, kwa hiyo pleti ya saruji ya kilo 5 huwa nene mno na huumaliza mshikio kabla hujafikisha uzito unaoutaka. Zaidi ya hapo, plastiki ikipasuka kwa kuangushwa, saruji huanza kumwagika na uzito ulioandikwa hauna maana tena. Ushauri wangu ni kugawa bei kwa idadi ya kilo badala ya kutazama bei ya boksi, kisha kuuliza kama pleti zitakazoongezwa baadaye zinapatikana zenye tundu la kipenyo hichohicho, kwa sababu seti isiyoongezeka ni ghali hata ikiwa ya bei ya chini.

Sehemu dhaifu ya dambeli za aina hii ni nati. Kila nati huja na pete ya mpira inayoizuia isilegee, na pete hizo huchakaa upesi. Zikishachakaa, nati hujifungua kidogo kidogo unapozungusha mkono, na pleti huanza kugongana kwa kelele. Mimi nimezibadilisha kwa pete nilizozikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, nazo zinashika kuliko zile za kiwandani. Naishi Kigamboni, ambako hewa ya chumvi haina huruma na chuma, hivyo nyuzi za mshikio, yaani mikato ambayo nati hujizungushia, nazipaka mafuta ya cherehani na kuzifuta kwa kitambaa kikavu, nikihakikisha mafuta hayafiki sehemu ya kushikia.

Jambo jingine linalokera ni hatua za uzito. Kutoka kilo 5 hatua inayofuata ni 7.5, yaani ongezeko la nusu nzima, ambalo kwa zoezi la bega ni kubwa. Huwa naongeza marudio kwanza, kisha ndipo naongeza pleti.

Benchi sikulinunua dukani, kwa kuwa yale ya kukunja niliyoyaona yalikuwa na mabomba membamba yaliyoyumba hata kabla sijalala juu yake. Nilimwendea fundi wa kuchomelea Gerezani nikiwa na vipimo vinavyotumika katika mashindano ya kunyanyua uzito kwa kulala kwenye benchi: kimo cha sentimeta 42 hadi 45, upana wa sentimeta 29 hadi 32, na urefu usiopungua mita 1.22. Fundi alitaka kulifanya pana zaidi ili lipendeze. Nilikataa, maana benchi pana huzuia mabega kujongea. Kwa fundi huyohuyo nilichukua bomba la maji la inchi moja kwa ajili ya kujivuta juu. Kwa nje bomba hilo lina karibu milimita 34, kwa hiyo vidole vinalizunguka vizuri, ilhali la inchi moja na nusu hukaribia milimita 48 na huchosha viganja kabla ya mgongo.

Kwa anayeanza, au anayerejea mazoezini baada ya kukaa muda mrefu, seti hii naipendekeza bila kusita. Aliyekwisha kuzoea kubeba zaidi ya uzito wa mwili wake hataifaidi. Huyo atafute chuma kirefu cha kilo 20, mradi apime chumba kwanza, kwa kuwa chuma hicho kina urefu wa mita 2.2 na katika chumba cha futi kumi kwa kumi kila upande hubaki sentimeta arobaini hivi za kusimama na kuingiza pleti.