Bowfinger na Tropic Thunder: uzoefu wangu wa kuangalia Hollywood wakijicheka

Huku Kigoma mjini muvi tunachukua kwa vijana wa kurusha kwenye fleshi, nilienda kwa mmoja pale Mwanga nikamwambia nataka vichekesho ila vile ambavyo wacheza muvi wanajicheka wenyewe, akaguna, akanirushia Tropic Thunder ya 2008 na Bowfinger ya 1999.

Tropic Thunder ilikuwa ya kutafsiriwa na DJ, yule anayeongea Kiswahili juu ya muvi, na lawama yangu iko hapo. Hii muvi inaanza na tangazo na trela za uongo, kila steringi unaoneshwa anajulikana kwa upuuzi gani, sasa aliyeiandaa kadhani ni matangazo kweli kakata yote! Nilikuja kuziona kwenye kopi ya jirani. Bila hizo trela humwelewi Robert Downey Jr., anacheza kama mwigizaji wa Australia mwenye Oscar tano aliyejibadilisha ngozi ili awe askari mweusi kwenye muvi ya vita wanayoishuti, na mweusi mwenyewe, Brandon T. Jackson, yuko naye porini anamshangaa tu. Utamu wote uko hapo, mtu akishaitwa fundi hamna wa kumwambia acha, ila DJ kamfanya mjeshi wa kawaida anayepiga makelele. Tom Cruise yule bosi mwenye kipara anayeporomosha matusi kwenye simu, huyo DJ kamtendea haki kabisa, kwa hiyo msiiweke sebuleni na wazee.

Sasa Bowfinger, aisee. Haijatafsiriwa lakini utacheka tu. Steve Martin, ambaye ndo kaiandika, ndo Bowfinger mwenyewe, prodyuza kachoka hana hela, steringi mkubwa (Eddie Murphy) kamtolea nje, basi anamshuti na kamera kwa kujificha, waigizaji wanamvamia mtaani wanamwaga maneno yao ya muvi ya viumbe kutoka angani na jamaa anaona anachanganyikiwa kweli. Kuna kipande kwenye paking ya magari, wamemvalisha mbwa viatu vya kisigino ili steringi asikie mtu anamfuata, ko ko ko, akigeuka haoni mtu. Hapo mbavu sina. Halafu Murphy huyohuyo anacheza pia kama Jiff, mpole mmoja wa miwani anayefanana na steringi, wanamwambia vuka hiyo barabara kuu magari yanavyokimbia hivyohivyo, usiogope, wote hao madereva wa muvi. Waongo wakubwa!

Kama umewahi kusimama kuangalia watu wanashuti hizi muvi zetu mtaani, nyumba ya kuazima, nguo za msanii mwenyewe, watoto nyuma wanapungia kamera mpaka dairekta anatupa kofia chini, Bowfinger utamjua mara moja. Tropic Thunder inawacheka wenye pesa, nzuri, ila wale hatuishi nao.

Bowfinger naipa tisa kwa kumi. Tropic Thunder kwa kopi niliyopewa sita, kwa ile ya jirani nane, na mkienda kuchukua ifungueni palepale kwenye kompyuta yake, isipoanza na tangazo la kinywaji cha kuongeza nguvu mwambieni arushe nyingine kabla hamjalipa.