Karatasi za pH na switi za watoto, uzoefu wangu

Hizi karatasi za kupima asidi nazipenda sana na nyumba yenye watoto inafaa kuwa nazo, ila kuna kitu hazionyeshi na muuzaji hatakuambia. Zangu nilitoa Wandegeya kule Kampala kwa duka la vifaa vya maabara nikaja nazo huku Busia, ni zile za pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) 1 mpaka 14, chati ya rangi iko kwa boksi, nyekundu ni asidi kali, kijani ndo katikati kwa 7.

Kupima ni rahisi, unaponda switi unaweka kwa kikombe na maji kidogo (maji yenyewe upime kwanza), unachovya, unasoma haraka kabla haijakauka. Sasa zile switi kali zenye unga mweupe juu, zile watoto wanalamba mpaka wanafumba macho, zilisoma kama 3! Ule unga ni asidi ya sitriki, ile iliyo ndani ya ndimu, na jino linaanza kuyeyuka karibu na 5.5. Alafu msidhani 3 na 5 ziko jirani, kila namba moja ukishuka asidi inazidi mara 10, kwa hiyo 3 ni mara 100 ya 5.

Switi za maziwa zilisoma karibu 6, jirani yangu akafurahi akasema basi hizi tuwape watoto tu. Hapana mama! Karatasi inapima asidi iliyo ndani ya switi, haipimi ile inayotengenezwa mdomoni, maana bakteria waliojibandika kwa meno wanakula sukari wanatoa asidi yao, dakika chache tu pale chini ya utando wao juu ya jino pH imeshuka chini ya 5.5, na mate yanahitaji kama nusu saa au zaidi kuirudisha. Hata mtoto akitema mate kwa kijiko ukapima bado hiyo asidi hutaiona vizuri kwa sababu imejificha kwenye jino lenyewe. Ndo maana mtoto wa switi moja moja mchana kutwa anaumia kuliko yule anayemaliza zote mara moja baada ya chakula, mate yake hayapati nafasi kabisa, na hizo za maziwa zinanata.

Kwangu sasa switi ni baada ya chakula, wanasukutua maji, na mswaki wanangoja kama saa moja kwa sababu asidi imelainisha jino na ukisugua hapo hapo unalikwangua.

Ubaya mwingine, switi nyekundu inapaka karatasi rangi yake mpaka hujui unasoma nini, na boksi likikaa wazi zinaingia unyevu zinaharibika. Nazipa nyota 4. Kama shida yako ni switi kali ulizia zile za kipimo kifupi zinazosoma nusu nusu, hizi zangu kati ya 3 na 4 unakisia tu.