Taa ziwe za mwisho: ununue nini kwanza ili behewa la mfano lifanane na la kweli

Kosa langu lilikuwa la taa. Nilipata mabehewa matano ya mfano ya zamani mnadani, Mark 1 ya reli za Uingereza, kipimo cha OO (yaani 1:76), na kabla hata sijayafuta vumbi nikaagiza tepe za LED. Usiku nikazima taa ya chumba, nikawasha treni. Mwanga ulipenya hata pasipo na dirisha: paa liling'aa kama ganda la chungwa lililomulikwa tochi, na pale paa linapokutana na ubavu ukatokea mstari mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho wa behewa. Ndani, viti vitupu vya plastiki, safu kwa safu, bila abiria hata mmoja. Treni ilipoingia kwenye kona, behewa la tatu likaruka reli. Nilikuwa nimefunga taa za daladala kwenye gari lisilo na breki.

Tangu hapo napanga manunuzi kwa swali moja: treni ikipita mita moja mbele ya macho yangu, nitaona kasoro gani kwanza? Mpangilio ufuatao umetoka hapo. Mfano wangu ni Mark 1, mabehewa ya chuma yaliyoanza kujengwa mwaka 1951, kwa sababu ndiyo yamejaa kwenye meza za mitumba huku Uingereza. La kweli lina urefu wa karibu mita 19.7, kwa kipimo cha 1:76 linakuwa milimita 258. Wenye treni za HO, yaani 1:87, mambo mengi ni yaleyale, na hata njia ya reli ni ileile ya milimita 16.5.

1. Magurudumu ya chuma, na uzito

Hakuna mgeni atakayeyasifia, lakini anza hapa. Magurudumu ya plastiki huokota uchafu na kuupaka kwenye reli, kisha unalaumu injini kwamba inasitasita. Ya behewa la OO yawe na kipenyo cha milimita 14. Pakiti nyingi huwa na ekseli 10 na kila behewa linakula nne, kwa hiyo mwenye behewa mbili hubaki na ekseli mbili za kupotea kwenye droo. Mwenye matano anunue pakiti mbili, hazibaki.

Kabla hujalipa, toa ekseli moja ya zamani uipime kutoka ncha hadi ncha. Ya kawaida ni milimita 26 hivi, ila baadhi ya mabehewa ya miaka ya nyuma yana fupi zaidi, na ukilazimisha ndefu bogi (fremu ndogo inayobeba magurudumu manne) linatanuka na gurudumu halizunguki. Jaribio langu ni kipande cha kioo: weka behewa juu yake, inua upande mmoja kidogo. Likisubiri kusukumwa, bado.

Uzito usinunue kwenye duka la treni. Nenda kwa fundi wa tairi ukaombe vile vipande vya kubalansia magurudumu, vya gramu 5 vyenye gundi nyuma. Vibandike sakafuni chini ya viti, katikati ya upana, kamwe visiwe karibu na paa. Chama cha Marekani cha NMRA hupendekeza kwa HO aunsi moja, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu; kwa behewa la milimita 258 hiyo ni gramu 170 hivi. Mimi naona ni nzito mno kwa treni ya mabehewa sita yenye mlima wa kupanda. Naishia 120.

2. Viungio

Kiungio cha kulabu kinachokuja na mabehewa ya bei nafuu huacha pengo kubwa. Piga hesabu: kila milimita 10 za pengo ni sentimita 76 za kweli. Abiria anayekwenda kutafuta chai behewa la mbele angetumbukia relini.

Kama mabehewa yako hukaa pamoja siku zote, nunua viungio vya sumaku vinavyochomekwa kwenye kijimfuko cha NEM (viwango vya Ulaya vya treni za mfano). Viungio vya kampuni ya Kadee ninaviweka kwenye ncha mbili za treni tu, pale injini inapofungwa. Namba 17 hadi 20 hutofautiana kwa urefu, 17 ndiyo fupi kuliko zote. Usikimbilie fupi. Mabehewa yakikaribiana mno yatasukumana kwenye kona, hasa yenye nusukipenyo cha milimita 371 au 438 ambazo wengi wetu tunazo. Jaribu treni ikirudi nyuma, maana ikivutwa kila kitu huonekana sawa.

3. Uchafu

Hapa ndipo pesa ndogo hufanya kazi kubwa. Unahitaji kopo la vanishi isiyong'aa, rangi mbili za akriliki (kahawia ya kutu na kijivu cha moshi) na burashi pana. Kipande cha chuma cha breki kilipokuwa kikisugua gurudumu kilitoa vumbi la kahawia, likatua kwenye bogi na kupanda ubavuni. Kwa hiyo kahawia iwe nzito chini na ififie inapokaribia madirisha. Paa lilipokea moshi wa injini za mvuke, nalo lilisahaulika na waosha mabehewa. Lipake kijivu kizito, lisiwe jeusi tii.

Fanya hivi: pakaza rangi iliyozimuliwa kwa maji mengi ubavu mzima, subiri dakika moja, kisha futa kwa pamba ukivuta kutoka juu kwenda chini tu. Uchafu utabaki kwenye pembe za milango na kuzunguka bawaba, mahali ambapo hata brashi ya mwoshaji haikufika. Choo cha Mark 1 kilimwaga moja kwa moja relini, sawa na treni zetu za reli ya kati enzi zile, basi chini ya bomba lake ongeza doa. Wageni hawaulizi, lakini wanacheka wakielewa.

Angalia rangi ya behewa kabla ya kununua. Nyekundu na maziwa ni ya kuanzia 1949, maruni ilianza 1956, bluu na kijivu 1965. Ukichanganya zote ndani ya treni moja bila sababu, anayejua atajua. Mstari wa njano juu ya madirisha ya daraja la kwanza huja kama chapa ya kubandika kwa maji, bei yake ni ndogo na hupendeza.

4. Abiria

Nunua vijitu vilivyokaa ambavyo havijapakwa rangi, mfuko mzima. Vya kampuni ya Preiser vya 1:87 ni vidogo kidogo kwa OO, na hilo ni afadhali, kwa sababu viti vya mfano huinuliwa na sakafu nene. Vingine kata miguu. Usipake macho, kwa ukubwa huo macho humfanya mtu aonekane ameona jini. Wapange kama watu: wawili wanaongea, mmoja kalala dirishani, mama na mtoto, kisha viti vitano vitupu.

5. Vioo

Kwenye mabehewa ya zamani kioo kimekaa ndani sana, dirisha linaonekana kama jicho lililozama. Seti za Flushglaze za SE Finecast huingia hadi usawa wa ubavu. Hununuliwa kwa jina la behewa hasa, kwa hiyo hakikisha mtengenezaji wako yumo. Kwa mabehewa matano ni jioni nyingi za subira.

6. Taa

Sasa ndiyo. Kwanza paka ndani ya paa rangi nyeusi, kisha nyeupe juu yake, mwanga usivuje. Chagua LED za njano hafifu, kwani Mark 1 ziliwaka balbu za kawaida. Utepe wa volti 12 hukatwa kila baada ya LED tatu, ila unataka umeme kutoka magurudumuni, daraja la diodi, rezista na kapasita ya kuzuia kupepesa. Kwa reli isiyo ya DCC (mfumo wa dijitali ambao reli huwa na umeme muda wote) taa hufifia treni ikipunguza mwendo na kuzima ikisimama. Kama huna mkono wa kulehemu, nunua ya betri ya CR2032 yenye swichi ya sumaku: unapitisha sumaku juu ya paa, inawaka.

Vishikio vya waya wa milimita 0.4 vya kuweka badala ya vile vya plastiki viko mwisho kabisa. Nilitoboa matundu kumi na mawili, nikavunja kekee tatu, na hadi leo sijapata mtu aliyeviona bila kuonyeshwa.