Simu yangu hukatika palepale kila nikienda Kibaigwa

Nianze kwa kuwapa haki yao kampuni yangu ya simu. Mjini Dodoma mtandao huu haunisumbui hata kidogo. Niwe nyumbani Nkuhungu, sokoni Majengo au kwenye shughuli za watu kule Mtumba, sauti ni safi, pesa zinatumwa na kupokelewa, wakala yuko kila kona. Ningekuwa mtu wa kukaa mahali pamoja ningewapa nyota nne na nisingeandika neno.

Lakini mimi nanunua mahindi na alizeti. Biashara yangu naifanyia ndani ya kosta, simu sikioni, kwenye barabara ya Morogoro. Ukishaipita Buigiri kuelekea Mbande kuna kipande ambacho simu zangu hufia. Sauti inaanza kukatakata, maneno yanafika nusunusu, kimya, halafu simu imekata. Sekunde chache baadaye natazama kioo, mtandao unasoma vijiti vyote. Napiga tena, inaita papo hapo, tunaongea hadi Kibaigwa bila shida. Sasa kama mtandao upo, simu imekatwa na nini?

Msimu wa mavuno uliopita nilikuwa napatana bei na mzee mmoja mwenye mzigo mzuri wa alizeti. Wanaonunua nafaka wanajua: pale hakuna karatasi, kuna maneno tu na sauti ya mtu. Alitaja bei, nikashuka chini yake, akaguna, nikaanza kumweleza kwamba niko tayari kupanda kwa sababu magunia na gari ni vyangu. Hapo simu ikakatika. Alichosikia yeye ni mwanamke aliyemtajia bei ya chini kisha akamkatia simu. Nilipompigia tena hakupokea. Nilipofika sokoni fuso ya mtu mwingine ilikuwa inapakia. Nikamwendea, mbukwenyi mzee, shikamoo. Aliitikia vizuri tu, kisha akaniambia, "Binti yangu, unanishushia bei halafu unanikatia simu. Nikusubiri kwa lipi?"

Mzee wa rika la baba yangu anaamini nilimdharau. Faida ya mzigo ule nitaipata kwingine. Hilo la dharau sijui nitalifuta vipi.

Nikaenda kwenye duka lao mjini. Nilipanga foleni, nikafika kwa kijana mmoja, nikamweleza yote, mahali na jinsi inavyotokea. Hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. "Mama, zima simu uwashe." Nikamwambia nimeshazima na kuwasha. Akabonyeza kitu, akasema eneo hilo kwao linaonekana lina mtandao, kisha akaongeza, bila hata aibu: "Labda huyo unayeongea naye ndiye anayekukatia." Nilitoka pale mikono inatetemeka. Mzee anadhani nimemkatia mimi, na hawa wanaokula salio langu wananiambia amenikatia mzee!

Aliyenielewa ni kijana wa mtaani kwetu anayefunga vifaa vya minara. Aliniuliza maswali ambayo dukani hakuna aliyeyafikiria. Je, laini ya mtandao mwingine kwenye simu hiyohiyo inakatika pale? Haikatiki, basi simu si mbovu. Alfajiri na mapema, watu bado wamelala, inakatika? Inakatika, kwa hiyo si msongamano wa wapigaji. Ukiiweka kwenye 2G pekee, ule mtandao wa zamani? Vilevile. Je, ukirudi, unatoka Mbande kuja Buigiri? Hapo nikanyamaza, nikakumbuka. Nikirudi haikatiki.

Akasema hapo ndipo penye jambo. Ukiwa unaongea huku gari linakwenda, simu yako haishiki mnara mmoja safari nzima, minara inapokezana. Simu husikiliza minara ya jirani na kuupelekea mtandao taarifa. Kwenye 2G taarifa hiyo hutumwa karibu mara mbili kila sekunde, na hutaja hadi minara sita inayosikika vizuri zaidi. Lakini anayeamua uhamie wapi si simu, ni mtandao, kwa kutumia orodha ya majirani ambayo kila mnara umewekewa. Jirani asipokuwa kwenye orodha, hata kama anasikika kwa nguvu, hupelekwi kwake. Unaachwa umeng'ang'ania mnara wa nyuma huku kosta inakwenda. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unauacha kwa mita 22 kila sekunde, mpaka unapotea. Simu ikishakatika inatafuta upya yenyewe, inaupata ule mnara wa mbele, vijiti vinajaa. Na orodha hizo ni za upande mmoja mmoja. Mnara wa Mbande unaweza kumjua mwenzake wa nyuma, na wa nyuma asimjue wa Mbande. Yeye hajaiona mitambo yao, alikuwa mwangalifu kusema "huenda", lakini dalili zote zinaelekea huko.

Kama ni hivyo, dawa yake haihitaji mnara mpya. Ni mtu kukaa kwenye kompyuta na kumwongeza jirani kwenye orodha. Hili ndilo linalonichoma. Matangazo yao ni minara mipya, kasi, 4G na 5G, na wakati huohuo minara miwili iliyopo kwenye barabara kuu ya kuingia makao makuu ya nchi haipokezani simu ya mteja. Hapo bado sijazungumzia treni ya umeme ya kutoka Dar es Salaam, inayokwenda kilomita 160 kwa saa.

Nilirudi dukani na maelezo hayo nimeyaandika. Dada mwingine, mpole, alinisikiliza, akanipa namba ya kumbukumbu ya malalamiko yangu. Kwa muda kidogo simu ilitulia pale, nikaanza kuwasifia kwa wenzangu. Kisha ikarudia, nami nikiwa katikati ya bei na mteja mwingine.

Kwa hiyo zile nyota nne nazifuta. Nilitaka kuacha mbili kwa ajili ya yule dada, lakini yeye si mtandao. Ni moja. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako, na nahama. Namba yangu wakulima wote wanayo, ndiyo maana nilivumilia hivi. Barua kwa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma, nimeiandika pia. Kama nawe simu yako inakatika baada ya Buigiri, andika saa, mahali na gari lilikuwa linaelekea wapi. Peleka kwanza kwa kampuni na udai namba ya malalamiko, maana TCRA watataka kujua kama ulianzia huko.