Betri ya bajaji ya kubadilishwa kuwa ya umeme: uliza ampea kabla ya Ah

Lalamiko linalorudi kila mara ni hili. Bajaji imetolewa injini ya petroli, ikafungwa mota na betri ya 51.2V, 100Ah (Ah ni ampea-saa, kiasi cha umeme inachohifadhi). Barabara tambarare inateleza kama kawaida. Ikipakia abiria watatu na kupanda Bugando pale Mwanza, inazima ghafla. Dereva anazima swichi, anawasha, anasogea mita mia, inazima tena. Fundi anasema kontrola, kifaa kinachoongoza mota, ni mbovu, muuzaji anasema fundi hajui kazi, na wakati huo nusu ya chaji bado imo ndani ya betri.

Mara nyingi tatizo ni seli za kuhifadhi umeme wa sola zilizotiwa kwenye chombo cha moto. Miongozo mingi itakueleza idadi ya mizunguko ya chaji na miaka ya dhamana. Hayo yapo kwenye kila tangazo, siyarudii. Kisichotangazwa ni mkondo ambao seli inaweza kuutoa bila kulegea.

Piga hesabu. Bajaji pamoja na watu wanne ni kama kilo 700. Kupanda mwinuko wa asilimia 10 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa kunataka takriban kilowati 4.4 kwenye magurudumu. Ongeza kinachopotea kwenye mota, gia na kontrola, betri inatakiwa itoe kama kilowati 5.5. Gawa kwa 51.2V, unapata ampea 107 mfululizo. Ukiondoka ukiwa umesimama katikati ya mlima, mkondo unaweza kuruka hadi ampea 200 kwa sekunde kadhaa.

Sasa soma karatasi ya seli. 1C ni mkondo unaomaliza seli kwa saa moja, hivyo kwa seli ya 100Ah ni ampea 100. Seli nyingi za kuhifadhi umeme wa sola huandikwa 0.5C, yaani ampea 50, au 1C kama kikomo. Zimetengenezwa zikae ukutani zikiwasha friji na televisheni. Ukizivuta ampea 200, volti zinaporomoka. Na BMS, ubao wa kulinda betri, haitazami jumla ya volti tu, inatazama pia seli moja moja. Kati ya seli 16 za betri hii, moja iliyochoka ikigusa 2.5V kwa muda mfupi, BMS inakata zote. Ukiondoa mzigo, seli inarudi 3.2V kama haijafanya kosa, ndiyo maana fundi akipima gereji haoni kitu.

Kwa hiyo ninapanga hivi.

Ya kwanza ni LFP (lithiamu-chuma-fosfeti) ya mkondo mkubwa, na sifichi upendeleo wangu: Winston, zile seli za maboksi ya njano. Ya 100Ah imeandikwa 3C mfululizo, yaani ampea 300, na nguzo zake hufungwa kwa bolti za M8 ambazo hazichezi kirahisi kwenye barabara ya makorongo. Ina uzito wa kilo 3.5 hivi, kwa hiyo 16 ni kilo 56, na zinakula zaidi ya lita 30 za nafasi chini ya kiti cha nyuma. Ni nzito kwa umeme inaobeba. Linganisha na EVE LF280K, seli ya LFP ya 280Ah: kilo 5.4 kwa wati-saa 896, karibu mara mbili ya Winston kwa kila kilo. LF280K ni seli nzuri sana nyumbani, na kwenye gari lenye nafasi ya kuzifunga nyingi itavumilia, maana 1C yake ni ampea 280. Lakini kwenye bajaji, 16 ni kilo 86, umeshapoteza uzito wa abiria mmoja. Karatasi ya Winston inaruhusu kuchaji hadi 4.0V kwa seli. Usifuate. Simama 3.55V, huko juu hakuna umeme wa maana, kuna kuchakaa tu.

Ya pili ni moduli zilizotumika za gari la umeme la Nissan Leaf, zile za betri ya 24 kWh. Saba kwa mfuatano zinakupa seli 14, na zikijaa hadi 4.1V kila moja unapata 57.4V. Kontrola ya 48V iliyozoea LFP, inayojaa 58.4V, inazipokea bila shida. Kila moduli ni kilo 3.8, jumla kilo 27 tu. Na mkondo zinaujua: betri hiyo iliendesha mota ya kilowati 80, zaidi ya 3C. Udhaifu wake ni joto. Leaf za betri hiyo hazina mfumo wa kupoza betri, na gari lililoishi nchi ya joto huwa limepoteza mistari ya afya ya betri kwenye dashibodi. Mistari 12 ni kamili. Wa kwanza hupotea uwezo ukishapungua kwa asilimia 15 hivi. Dai namba ya afya kutoka programu ya LeafSpy kabla betri haijavunjwavunjwa, maana moduli ikishatolewa kila muuzaji ataapa ni asilimia 90. Kemia hii pia inawaka kwa hasira kuliko LFP: sanduku liwe la chuma, na pasiwe na uwazi wowote kati yake na abiria.

Ya tatu ni LTO (lithiamu-titaneti). Mkondo haina mpinzani, na maisha yake ni marefu kuliko bajaji yenyewe. Unahitaji seli 22 kufika 50V, na bei itakukatisha tamaa. Kwa kituo cha bajaji zinazochaji haraka kati ya safari, sawa. Kwa dereva mmoja mwenye mkopo, hapana.

Betri za asidi: nne za 100Ah ni kama kilo 120, na kwa mkondo huu hutapata hata robo tatu ya kilichoandikwa. Sodiamu: seli 16 hupanda hadi 64V na kushuka hadi 24V, kontrola ya 48V itakataa juu na kukata kabla ya chini. Tusubiri.

Kabla ya kulipa, pima. Chukua seli nne zenye nusu ya chaji, ziunge mfuatano ziwe 12.8V, funga inveta ya 12V yenye wati 1,500, kisha washa pasi ya wati 1,000 na taa za wati 200. Hapo unavuta kama ampea 100. Baada ya sekunde kumi pima kila seli kwenye nguzo zake zenyewe. Ya 100Ah ikishuka zaidi ya 0.2V kutoka ilipokuwa, irudishe. Kisha pima kati ya nguzo na bamba la shaba: zaidi ya milivolti 10 ni uchafu au bolti legevu. Sugua kwa msasa laini, futa kwa spiriti, funga upya. Seli zenye nguzo za alumini za M6 zikazwe Nm 4 hadi 6. Ukipitisha 8 uzi unang'oka, na hilo halina dhamana.

Kuhusu wauzaji, uvumilivu umekwisha. Wanataja Ah tu, bei kwa dola, chaja kando, na gharama ya kusafirisha betri kama mzigo wa hatari inatajwa ukishalipa nusu. Wengine wanakwangua msimbo wa mraba (QR) ulio juu ya seli, ule unaobeba tarehe ya kutengenezwa. Seli iliyokwanguliwa usiiguse. Wabaya zaidi ni wanaokuuzia maboksi manne ya LFP ya 12.8V uyaunge mfuatano. BMS ya ndani ya boksi moja ikikata, swichi zake zinabeba volti za betri nzima, na nyingi hazikutengenezwa kwa hilo. Zinaungua zikiwa zimeshikana, umeme unapita bila kukatwa, na kuanzia hapo boksi halina ulinzi. Ukinunua seli au boksi, risiti iandikwe mkondo wa mfululizo kwa ampea: 150 au zaidi, pamoja na muhuri wa duka.