Duncan: nyumbani kwa Picasso au vitani Korea?

Kama utasoma kitabu kimoja tu cha mpigapicha Mmarekani David Douglas Duncan (1916–2018), ningekupa This Is War! cha mwaka 1951. Ni askari wa Marekani vitani Korea: uchovu, baridi kali, macho yaliyokwisha kuona mengi. Picha hazina maelezo chini yake. Maneno ameyatenga kando, nawe huna pa kukimbilia ila kwenye zile nyuso. Ujasiri huo wa kumwamini msomaji naupenda sana.

The Private World of Pablo Picasso, cha 1958, kina hewa nyingine kabisa. Duncan na mchoraji huyo maarufu walipokutana mara ya kwanza, Cannes, Ufaransa, mwaka 1956, Picasso alikuwa ndani ya bafu akioga, na picha zikaanzia hapohapo! Baadaye tunamwona akichora, akicheza, akiwa na mwenzi wake Jacqueline. Mwanafunzi wa uchoraji asikikose, maana mkono wa bwana mkubwa unaonekana ukiwa kazini. Ila kimetengenezwa na mgeni aliyegeuka rafiki, naye hamhoji mwenyeji wake. Kule Korea, Duncan hakuwa na wa kumpendeza.