Leeds Castle: Ngome, Kasri au Nyumba ya Tajiri? Tunaikagua Tiketi

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sijaleta simu wala blenda. Bidhaa ya leo ni hii hapa, ngoja niisogeze ionekane: tiketi ya kuingia Leeds Castle, huku Uingereza. Mliniuliza sana kama inafaa kuitolea hela. Haya, tuikague.

Kabla ya yote, nikuokolee nauli. Leeds Castle haiko Leeds. Kuna rafiki yangu alikata treni mpaka Leeds, kule Yorkshire, akashuka na begi lake na kofia yake, akaanza kuuliza ngome iko wapi. Watu wakamtazama tu. Hii iko Kent, jirani na Maidstone, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji ule, na jina imelitoa kwenye kijiji kilicho pembeni yake. Kutoka London unapandia treni kituo cha Victoria, unashuka Bearsted.

Sasa sikilizeni. Sisi Waswahili tuna neno ngome na tuna neno kasri, na hatuyachanganyi. Ngome ni ya vita, kama ile ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kasri ni pa mtawala kukaa, ale, alale, apokee wageni. Mwingereza yeye ana neno moja, castle, analibebesha yote mawili, na mnunuzi hapo ndipo anapopigwa chenga. Kwenye bidhaa hii tunaambiwa karne ya 12. Swali langu ni moja tu: ukifungua pakiti, hiyo karne ya 12 imo?

Nipo ukingoni mwa ziwa, mnaona. Maji haya ni ya mto Len, yamezuiliwa yakazunguka visiwa. Lile jengo kubwa lenye minara, ambalo liko kwenye kila kadi ya posta, lilikamilika mwaka 1823. Ndiyo, 1823. Ngome ya Mombasa imelizidi miaka 230. Nimewaonesha hilo mapema ili mtu asije akasema nilimficha.

Lakini msizime video. Tazameni kushoto, kile kipande cha nyuma kilichounganishwa kwa daraja la mawe. Kinaitwa Gloriette, na kimekaa kwenye kisiwa chake peke yake. Huko ndiko kwenye mizizi.

Robert de Crèvecœur alianza kujenga ngome ya mawe hapa mwaka 1119. Mwaka 1278 ikaingia mikononi mwa mfalme Edward I na mkewe Eleanor wa Castile, na kuanzia hapo ikawa mali ya malkia mmoja baada ya mwingine. Huyu akifa au akiwa mjane, inakwenda kwa mwingine. Edward akajengewa na bafu lake hapa, kwenye miaka ya 1290. Lishikeni hilo la bafu, nitalirudia.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha mwaka 1321. Wakati huo ngome haikuwa kwa malkia, ilikuwa kwa Bartholomew Badlesmere, bwana mkubwa aliyekuwa ameanza kumgeuka mfalme Edward II. Mwenyewe hayupo, yupo mkewe. Malkia Isabella anafika langoni na msafara wake, anaomba pa kulala. Mama mwenye nyumba anasema hapana. Malkia wa nchi, anaambiwa hapana! Walipolazimisha kuingia, mishale ikashuka kutoka juu, na watu kadhaa wa malkia wakafa palepale. Mfalme akaja na jeshi, akaizingira mpaka ikasalimu amri, na yule mama akapelekwa kufungwa Mnara wa London. Mumewe alinyongwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo mkiniuliza kama hii iliwahi kuwa ngome kweli, jibu liko pale langoni. Watu wengi wanapita mbio wakiwahi picha ya ziwa. Wewe simama kidogo, angalia lango lilivyobana na magofu ya kinu yaliyo nje yake, halafu jiweke kwenye nafasi ya yule mlinzi wa juu.

Mfalme Henry VIII na mkewe Catherine wa Aragon ndio walioigeuza kuwa ya starehe. Baadaye, mwaka 1552, ikatoka mikononi mwa wafalme, ikawa ya watu binafsi. Karne ya 17 Waingereza walipopigana wenyewe kwa wenyewe, ngome nyingi Bunge lilizibomoa makusudi. Hii ilipona kwa sababu Culpeper, aliyekuwa mmiliki, alikuwa upande wa Bunge. Ikaponea vitani, halafu ikaja kuungua wakati wafungwa wa kivita wa Kifaransa na Kiholanzi waliwekwa humu miaka ya 1660. Waliitia moto Gloriette, na ikabaki gofu zaidi ya miaka 150.

Halafu kuna sehemu ambayo wengi wakitembezwa hawaiulizi. Binti wa ukoo huo wa Culpeper, Catherine, aliolewa na Lord Fairfax, na pamoja naye ikaja ardhi ya Virginia, zaidi ya ekari milioni 5. Mtoto wao, Lord Fairfax wa 6, alihamia hukohuko Marekani, ngome akamwachia mdogo wake. Mwaka 1748 kijana mmoja alikuwa kwenye msafara wa kumpimia mashamba yake. Anaitwa George Washington. Fairfax huyo alimiliki watumwa, na tumbaku ya Virginia ililimwa na Waafrika waliotumikishwa. Mimi nikikanyaga zulia la humu ndani siwezi kulitenga na shamba lile.

Basi, mwaka 1822 mrithi, Fiennes Wykeham Martin, akabomoa nyumba iliyokuwa kisiwa kikubwa, akajenga hii mnayoiona, kwa mtindo wa enzi za Tudor, ukoo wa Henry VIII. Mimi siiti feki. Alijenga nyumba ya familia, akaivalisha koti la babu.

Tuingie ndani. Hapa ndipo mnapomkuta mtu ambaye bila yeye tusingekuwa na video. Ukoo wa Martin ulipoamua kuuza miaka ya 1920, mteja mmoja alikuwa William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani. Wakala wake akampelekea telegramu: hakuna bafu hata moja, taa ni za mafuta, vyumba vya watumishi viko kwenye mahandaki ya wafungwa. Mnakumbuka bafu la Edward? Zaidi ya miaka 600 imepita, nyumba imerudi nyuma! Hearst akaachana nayo. Mwaka 1926 akanunua mwanamke, Olive, ambaye baadaye tulimjua kama Lady Baillie. Mama yake Mmarekani, mwenye hela za ukoo wa Whitney.

Akaleta wapambaji kutoka Ufaransa. Wa kwanza Armand-Albert Rateau. Sogea hapa, kamera, tuone ngazi hii ya mbao ya kuzunguka. Pitisha kidole kwenye nakshi: unaapa ni ya zama za wafalme. Ni ya miaka ya 1920. Na ukumbi unaoitwa wa Henry VIII, sakafu hii nyeusi inayong'aa, ni ya wakati huohuo. Wa pili, Stéphane Boudin, chumba cha kulala cha mama mwenyewe amekitia rangi ya buluu. Ndiye Boudin huyohuyo ambaye Jacqueline Kennedy alimwita baadaye kupamba Ikulu ya Marekani. Kwangu mimi chumba hiki ndicho thamani ya tiketi, na hakina hata miaka 100.

Lady Baillie alifariki mwaka 1974, akaiacha chini ya taasisi ya hisani. Julai 1978 mawaziri wa mambo ya nje wa Misri, Israeli na Marekani walikutana humu, miezi miwili kabla ya mazungumzo ya amani ya Camp David, kule Marekani. Nyumba ilikuwa na vitanda vya kutosha, na ukiwa umezungukwa na maji waandishi wa habari hawakusumbui.

Mwenye watoto, ziwa lina batamaji weusi, na kuna mzingile wa miti 2,400 uliopandwa mwaka 1988. Ukishafika katikati unatokea chini ya ardhi, kwenye pango. Ila usiondoke bila kuona kola za mbwa. Ndiyo, kuna makumbusho ya kola za mbwa, zaidi ya 100. Hebu tazama hii: chuma kitupu, miiba imetoka nje kama ya nungunungu, ili mbwa mwitu akilenga koo la mbwa wa bwana mkubwa aambulie kutoboka mdomo. Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana, naidai kwa lile neno lao moja.